Nati Tatu Ndani ya Kifuniko

Irja Lampinen aliapa mbele ya jeneza la mdogo wake Sylvi kwamba Lyle Gagnier atafunga gereji yake kwa mkono wake mwenyewe. Siku ya kutimiza kiapo ilikuwa kesho, saa tatu asubuhi. Baraza la leseni lingekaa, wakili angemwita Irja, naye angesema maneno machache tu: gurudumu la mbele kushoto lilichomoka kwa sababu fundi hakukaza nati. Baada ya hapo Lyle asingegusa tena gari la mtu, si hapa Thunder Bay wala kwingine kokote Ontario.

Kilichokosekana kilikuwa ushahidi wa kushika mkononi. Ndiyo maana saa mbili na nusu asubuhi, baridi ikiwa nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri, alikuwa amepiga magoti kwenye yadi ya magari ya ajali, mbele ya gari la Sylvi.

Lilikuwa gari la familia, la viti saba, rangi ya fedha. Upande wa dereva ulikuwa umeingia ndani mpaka kwenye kiti. Begi la hoki la mmoja wa watoto bado lilikuwa nyuma. Irja hakuangalia huko. Miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi wa malori kwenye mizani ya barabara kuu, na tangu astaafu alikuwa akikagua mabaki ya ajali kwa ajili ya mawakili. Alijua pa kuanzia na pa kutoangalia.

"Hii mara ya ngapi?" aliuliza Merv, mtunza yadi, akitetemeka na tochi mkononi.

"Ya nne."

"Gari ni lilelile, mama. Halijafufuka."

"Mulika hapa, acha maneno."

Magurudumu matatu yalikuwa mahali pake. Vifuniko vyake vya plastiki vilikuwa vimefungwa kwa kamba nyeusi za kujikaza, maana bila hizo mashimo ya barabarani huvibandua ndani ya wiki moja. Irja alikuwa ameshavifungua siku ya kwanza. Chini yake, kila gurudumu lilikuwa na nati tano, na kila nati ilikuwa na mstari wa rangi ya njano uliotoka kwenye nati ukaenda mpaka kwenye rimu, umenyooka. Hiyo ilikuwa alama ya Lyle. Nati ikilegea hata kidogo, mstari unakatika, na kila mtu anauona.

Kwenye gurudumu la nne, lile lililookotwa mbali na gari, matundu ya rimu yalikuwa yamepanuka yakawa kama mayai. Nati hazikuwepo.

"Alikaza matatu, la nne akalisahau," alisema Irja.

"We unamchukia kweli huyu jamaa."

"Nipe sababu ya kumpenda."

Merv alijikuna chini ya kofia. "Basi nikuongezee ya kumchukia. Jana dereva wa gari la kusukuma theluji kaleta kifuniko. Kakiokota mtaroni, njia ya Kakabeka, karibu na palipotokea ajali. Nimekitupa pale mlangoni."

Irja aliinuka ghafla mpaka goti likalia.

Kifuniko kilikuwa kimejaa barafu chafu kama bakuli la uji uliolala. Alikigeuza kwenye mwanga wa tochi. Ndani ya barafu kulikuwa na vitu vyeusi.

"Nipe kahawa yako."

"Yote?"

"Yote, Merv."

Alimimina chupa nzima, taratibu, huku Merv akiitazama kahawa yake ikienda. Barafu ikalegea. Nati zikaanguka mkononi mwa Irja moja baada ya nyingine: moja, mbili, tatu. Kwenye tundu la kifuniko kilibaki kipande cha kamba ya plastiki, kipya, bado kimejifunga. Kilikuwa cha rangi ya machungwa.

Alizigeuza nati chini ya tochi. Meno yake ya ndani yalikuwa mazima kwenye midomo. Hazikukatika, wala hazikung'olewa kwa nguvu. Zilijifungua zenyewe, pole pole, zikadondokea ndani ya kifuniko na kuanza kugonga huku gurudumu likizunguka. Kila moja ilikuwa na mstari wa njano.

Hiyo ndiyo kelele aliyoisikia Sylvi. Alisimamisha gari, akampigia mumewe Rodney, akamwambia kuna kitu kinagongagonga mbele. Rodney akamjibu kile ambacho mtu yeyote wa mji ule angejibu mwezi wa Desemba: ni barafu imeingia kwenye kifuniko, kipige teke uendelee na safari. Rodney mwenyewe alilisimulia jambo hilo kanisani, akilia, na watu wote wakalia naye, kwa sababu hakukuwa na mmoja wao ambaye hajawahi kupiga teke gurudumu na kuendelea na safari.

"Alichora mstari bila kukaza," alisema Irja. "Nimempata."

Alitia kila kitu kwenye mfuko. Ndani ya gari lake, kwenye kiti cha pembeni, kulikuwa na simu ya Sylvi. Rodney alimpa jana jioni ili wakili apate saa kamili za mawasiliano ya siku ile. Ilikuwa imekufa chaji. Aliichomeka kwenye waya, akawasha gari, akaenda kwa Lyle.

Dirisha la mbele la gereji lilikuwa limezibwa kwa ubao. Ndani, Lyle alikuwa chini ya gari lililoinuliwa, mafuta machafu yakimwagika kwenye beseni. Alimwona Irja, akarudi kutazama mafuta yake.

"Umekuja kuchagua dirisha jingine, Irja, au leo una maneno?"

Irja alimfungulia kiganja. "Hizi zako?"

Lyle alifuta mikono, akasogea. Alikuwa mtu mnene, mwenye sauti ndogo, na kwa mwezi mmoja alikuwa amepungua mpaka ovaroli lilimning'inia. "Alama ni yangu."

"Uliichora kabla ya kukaza."

"Nani kakwambia?"

"Zenyewe. Zimejifungua kama vizibo vya soda."

Lyle alichukua nati moja, akaisogeza kwenye taa, akakaa nayo muda. Kisha akacheka, kicheko kikavu. "Miaka yote hiyo umekagua malori, na doa hili hulioni?"

"Doa gani?"

"Hili jeupe, pembeni ya mstari."

"Chumvi ya barabarani."

"Ilambe."

Lyle alilowesha kitambaa kwa petroli, akampa. Irja alisugua. Chumvi ikatoka, tope likatoka, hata kipande cha mstari wa njano kikafifia. Doa jeupe, dogo kama punje ya mchele, likabaki palepale. Alisugua mara ya pili. Alisugua mara ya tatu.

"Mstari ni siku ya kufunga matairi ya baridi," alisema Lyle. "Doa ni siku ya kurudi, baada ya kilomita mia. Nakaza tena zote kwa ile spana ya kupima, ikilia 'tak' ndipo nadonoa kwa rangi nyeupe. Isipolia sidonoi."

"Sylvi hakurudi. Hakuna karatasi."

"Kazi ya dakika tano haina malipo, na isiyo na malipo haina karatasi. Gereji gani hapa mjini inaandika karatasi ya kukaza nati? Hata hakushuka garini. Ijumaa, tarehe kumi na mbili, saa kumi jioni. Alinipa mkate wa iliki kupitia dirishani. Ulikuwa bado wa moto."

"Kwa nini hukusema?"

"Polisi niliwaambia, wakadai karatasi. Wewe nilikupigia mara mbili, ukaniambia nikaongee na ukuta. Nimeongea nao, Irja. Ukuta una adabu kuliko wewe."

Irja alitazama nje. Kulikuwa na magari mawili ya familia yamesimama kwenye theluji. "Lile la bluu la nani?"

"La mwalimu. Karudi Jumanne kukaziwa."

"Na lile jingine?"

"Hajaja kulichukua tangu nilifunge matairi. Nampigia kila siku, ananiambia ana kazi."

Irja alitoka bila koti. Alichuchumaa, akabandua vifuniko vyote vya gari la bluu, akahesabu: mistari ishirini, madoa ishirini. Alihamia gari la pili: mistari ishirini, hakuna doa hata moja. Akatoa simu yake, akakuza picha alizopiga yadini siku ya kwanza. Kwenye magurudumu matatu ya Sylvi yaliyobaki, pembeni ya kila mstari, kulikuwa na kile alichokiita chumvi. Alizihesabu nati zote kumi na tano. Kila moja ilikuwa na doa lake.

Alirudi ndani, vidole vimekufa ganzi, akaanza kuvuta droo za Lyle bila kuomba ruhusa. Kamba za plastiki zilikuwa kwenye droo ya tatu, pakiti mbili, zote nyeusi. Akapekua pipa la taka. Nyeusi. Akaweka kile kipande cha machungwa juu ya meza.

"Hii ulitumia wapi?"

"Mimi? Sijawahi kununua rangi hiyo. Ilikuwa wapi?"

"Kwenye kifuniko cha gurudumu la mbele kushoto."

Lyle alikaa kwenye stuli. "Basi kuna mtu alikifungua baada yangu."

"Ijumaa ile Sylvi alilalamika chochote?"

Lyle alianza kukunja kitambaa chake.

"Lyle. Nakuuliza."

"Breki ilikuwa inalia. Mbele, kushoto. Nikamwambia alete Jumatano niitazame kwa nafasi. Akasema nisijisumbue, Rodney ataiangalia Jumapili."

"Na hilo ulilinyamazia?"

"Mtu kafiwa na mke, ana watoto wawili. Nimnyooshee kidole kwa kitu ambacho sikukiona? Gari lenyewe mmenikataza kulisogelea." Alimrudishia nati. "Kesho utasema nini?"

Irja alivaa glavu zake. "Kesho bado," alisema, akatoka.

Garini, simu ya Sylvi ilikuwa imepata uhai. Irja alifungua orodha ya simu za tarehe kumi na saba, siku ya ajali, akaandika kwenye daftari kama alivyozoea kuandika namba za malori. Saa mbili na dakika kumi na mbili asubuhi, Sylvi kampigia Rodney, wameongea dakika mbili. Saa mbili na dakika kumi na tano, Rodney kapiga, haikupokewa. Dakika ileile, kapiga tena, haikupokewa. Kumi na sita, kapiga tena, haikupokewa. Dereva wa lori aliyeiona ajali aliita polisi saa mbili na dakika kumi na tisa.

Alipigia mstari zile simu tatu. Sylvi alikuwa hapokei simu akiwa anaendesha. Hata mama yao alipokuwa mahututi hospitalini, hakupokea mpaka aliposimamisha gari.

Rodney alimfungulia mlango akiwa na pasi mkononi. Shati jeupe lilikuwa juu ya meza ya kupigia pasi, na suti ile ya msibani ilining'inia mlangoni. Watoto walikuwa shuleni.

"Shemeji! Ingia, kahawa ipo. Vipi, umempata?"

"Nimempata."

"Ashukuriwe Mungu." Rodney alikaa, akapitisha mkono usoni. "Kesho nataka nimwone anatoka mle ndani kichwa chini. Nataka awe anaokota vyuma jalalani kwa ajili ya kula. Nilimwambia wakili, usimwonee huruma."

"Hatumwonei." Irja alibaki amesimama. "Shemeji, bampa langu linaning'inia. Huna zile kamba za plastiki, za kujikaza?"

"Hizo hazikosekani."

Alipita mlango wa kuingilia banda la gari. Irja alimsikia akifungua kabati. Alirudi na pakiti iliyofunguliwa, imejaa nusu, akaiweka mezani.

"Mbona rangi hii?"

"Za kibanda cha kuvulia samaki ziwani. Ukidondosha kwenye theluji unaiona. Chukua tu zote."

Irja alivuta moja. Kisha akatoa kile kipande mfukoni, akakilaza pembeni yake. Akatoa kifuniko, akakiweka mezani. Akazipanga nati tatu mbele yake. Kamba zote mbili za machungwa zilikuwa na meno yaleyale, na upana uleule.

Rodney hakuuliza vimetoka wapi.

"Nifundishe kurudisha gurudumu," alisema Irja.

"Irja…"

"Nifundishe. Mimi sijui. Gari liko kwenye jeki, gurudumu umeshalipachika. Unafanya nini?"

"Unaweka nati." Sauti yake ilikuwa chini. "Kwa mkono."

"Mpaka wapi?"

"Mpaka zigote. Kwa mkono tu, maana gari likiwa juu gurudumu linazunguka."

"Halafu?"

"Unalishusha."

"Halafu?"

Pasi ilitoa mvuke peke yake.

"Halafu, Rodney?"

"Unachukua spana ya msalaba, unakaza kwa nguvu zako zote."

"Jumapili ile msalaba ulikuwa wapi?"

Rodney alifunika uso. Irja alivuta kiti, akakaa, akamngoja kama alivyokuwa akiwangoja madereva wa malori waliodai breki zao ni nzima.

"Pedi zilikuwa nzima," alisema Rodney hatimaye. "Ilikuwa kutu tu. Nikarudisha gurudumu, nikashusha gari. Simu ikalia, ni yule mwenzangu wa uvuvi, ananiambia barafu ya ziwa imeshika, twende tukapime. Tukaongea weee. Niliporudi nikaona gari liko chini. Gari likiwa chini, akili inakwambia umemaliza. Nikapachika kifuniko, nikafunga kamba."

"Msalaba."

"Ulikuwa kwenye pikapu. Chini ya vyombo vya samaki. Wiki nzima haukutoka humo."

"Na ulijua lini?"

"Sikujua, Irja. Naapa. Aliponipigia nilimwambia ni barafu kwa sababu niliamini ni barafu."

Irja alifungua daftari, akaligeuza upande wake, akaweka kidole kwenye mstari. "Mtu anayeamini ni barafu anarudi kumalizia kahawa yake. Wewe ulipiga mara tatu ndani ya dakika mbili. Ulikuwa umesimama wapi?"

Rodney alitazama zile saa zilizoandikwa kwa kalamu.

"Nyuma ya pikapu," alisema. "Nilikuwa nachukua toboleo la barafu. Nikauona msalaba."

Irja alifunga daftari.

"Hapo ulikuwa mtu aliyekosea," alisema. "Sisi sote tumewahi kukosea. Mimi ningekushika mkono, ningekaa na wewe kanisani benchi la mbele. Lakini jioni ileile polisi walikuuliza nani kagusa magurudumu, ukasema Lyle. Ukaniambia mimi ni Lyle. Nikaenda kumtukana yule mtu sokoni mbele ya mkewe. Mwezi mzima umeninoa kama kisu na kunielekeza shingo ya mwingine."

"Niliogopa. Watoto wamebaki na mimi tu."

"Ulikuwa unapiga pasi, Rodney. Sasa hivi. Ulikuwa unapiga pasi shati la kwenda kumwona akizikwa."

"Lakini dirisha lake si mimi. Wanasema ni mimi, lakini dirisha sikugusa."

"Najua. Hilo nililivunja mimi, na nitalijibu mwenyewe."

Rodney aliinua macho. Kwa mara ya kwanza tangu Irja aingie, alionekana kumwogopa.

"Utanifanya nini?"

"Niliapa mbele ya jeneza. Nilisema atajifungia mlango kwa mkono wake. Kiapo ni kilekile, shemeji, jina ndilo limebadilika." Irja alitoa simu ya Sylvi mfukoni, akaiweka katikati ya nati na kifuniko. "Kesho saa tatu utavaa hilo shati, utasimama pale nilipotakiwa kusimama mimi, na utawaambia wote habari ya msalaba. Leo jioni watoto wakirudi utawaambia wao kwanza, wasije wakalisikia uwanjani kwenye hoki. Nitakuwa nimekaa hapa hapa, nasikiliza. Ukiruka neno moja, nitalisema mimi."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo kila ukipita mtaani watu watakutazama kama walivyomtazama yeye. Mimi nitakuwa nyuma yako, nahakikisha."

Rodney alilia. Irja hakumzuia wala hakumpa kitambaa. Aliponyamaza, alimsogezea simu.

"Anza na Lyle. Mpigie."

"Kwa simu hii?"

"Kwa hiyo hiyo."

Namba ya Lyle ilikuwemo. Rodney aliibonyeza, akaweka sauti ya nje kama alivyoambiwa. Ililia mara moja. Ikalia mara ya pili. Ikalia mara ya tatu, na Rodney akanyoosha mkono kuikata.

"Usikate," alisema Irja.

Ya nne ikapokewa. Kulikuwa na kelele za mashine, kisha zikazimwa. Mtu alikuwa akipumua upande wa pili, pengine akilitazama jina kwenye kioo cha simu yake. Sauti ndogo ya Lyle ikatoka pole pole, kama ya mtu anayeogopa kujibiwa.

"Sylvi?"

Irja alizisukuma nati tatu mpaka zikagusa vidole vya Rodney.

"Mjibu," alisema.